Mwaka wa Mashine ya Mikono Miwili

Aline, binti mkubwa wa Gaspard, alinipigia simu wiki ya tatu baada ya mazishi ya baba yake, akaniomba nifike Kimisagara, hapa Kigali, kwenye karakana aliyoachiwa na marehemu. Alisema mama yake angependa kuniona, na yeye mwenyewe alikuwa na maswali kuhusu siku ambazo baba yake hakupenda kuzizungumzia. Kuzika sikuwa nimekwenda. Nilijidai nina homa, nikalala kitandani mchana kutwa nikiwa mzima kama wewe unayesoma. Lakini mtu hawezi kuugua homa mara mbili kwa ajili ya marehemu mmoja, kwa hiyo Jumamosi ile nilijitanda mtandio nikashuka bondeni.

Karakana yenyewe ilikuwa ya matofali, yenye sakafu ya saruji iliyofagiwa, na katikati yake palikuwa na meza pana ambayo juu yake mashine ilikuwa inatembea peke yake, ikiongozwa na kompyuta. Kichwa cha mashine kilibeba vitu viwili vilivyofungwa bega kwa bega: mota yenye kisu kinachozunguka, na kando yake leza. Kisu kilichonga kingo za herufi kwenye ubao, kikasimama, kikapanda juu; kisha mwanga mwembamba wa buluu ukawaka ukaanza kuunguza ndani ya herufi hadi zikawa nyeusi. Aline alinieleza kwa fahari ya fundi kwamba kazi ilikuwa kuifundisha kompyuta kuwatumikisha wawili hao. Amri zao zinapita njia moja. Namba ile ile inayokiambia kisu kizunguke kasi gani ndiyo inayoiambia leza iwake kwa nguvu gani. Kwa hiyo baba yake aliweka swichi katikati, na juu ya hapo akaandika kwenye programu kwamba mmoja akiwaka, mwenzake awe amezimika kabisa. Makosa mengine Gaspard alikuwa anasamehe, alisema Aline, lakini aliyegusa swichi ile alifukuzwa siku hiyo hiyo. Akaniuliza kama ninajua sababu. Nikamwambia anipeleke kwanza kwa mama yake.

Sababu naijua. Ni ya mwaka wa tisini, nilipokuwa na miaka ishirini na mwandiko mzuri.

Mwandiko huo ndio ulionipatia kazi kwa Mzee Rajabu, fundi wa vibao na ngao za mbao za kutundika ukutani, ambaye karakana yake ilikuwa hapo hapo Kimisagara, mita chache juu ya mfereji. Ilikuwa chumba kimoja kirefu cha mabati na mbao, mlango wa buluu, dirisha moja lisilo na kioo. Ukiingia kutoka juani ulikuwa huoni kitu, ulianza kunusa. Harufu ya libuyu, mbao ngumu ya msituni, harufu ya vanishi, harufu ya chai ya tangawizi iliyokuwa haishi kwenye jiko la makaa pembeni ya mlango. Saa sita mkewe Mzee, Bi Zulfa, alituletea chakula kwenye sufuria iliyofungwa kwa kitambaa: maharagwe na ndizi siku za kawaida, pilau siku ya Ijumaa, na sisi watatu tukala kutoka sahani moja pana juu ya benchi la kupigia randa. Wanaume wale walinisukumia nyama upande wangu, kama ndugu wanavyomfanyia mdogo wao. Leo nikikumbuka sahani ile ndipo aibu inaponielemea. Ningekuwa nimeishi kati ya watu wabaya, ningekuwa na pa kujifichia.

Wa tatu wetu alikuwa Gaspard. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kwa sababu ya kukaa juu ya kazi ndogo ndogo. Yeye ndiye aliyekuwa na umeme; mimi nilichora, Mzee alichagua mbao na kuzungumza na wateja. Mzee alikuwa amenunua kwa Mbelgiji mmoja aliyekuwa anarudi kwao mashine ya kuchonga herufi. Ilikuwa na mkono unaofuata herufi ya shaba kwa kidole cha chuma, na mkono wa pili, ulioungana na ule, uliobeba mota ndogo yenye kisu. Ulichofuata upande huu, kisu kilikichonga upande ule. Gaspard hakuridhika nayo. Kwa miezi miwili alikaa baada ya kazi, akafunga kando ya kisu sindano ya chuma inayopata moto kwa umeme, ili tukimaliza kuchonga kingo za herufi tuziunguze ndani zikae nyeusi bila rangi. Mji mzima hakuna aliyekuwa na kitu kama hicho. Watu walikuja kutoka Nyamirambo kuangalia tu.

Kati ya kisu na sindano aliweka swichi kubwa yenye mpini, iliyotoka kwenye ubao wa umeme wa kiwanda fulani. Mpini juu, kisu kinazunguka. Mpini chini, sindano inapata moto. Mpini katikati, hakuna kitu. Siku aliyonifundisha aliushika mkono wangu akauweka juu ya mpini ule, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kigali, ambacho nakisikia mpaka leo:

"Mdogo wangu, hii mashine iko na mikono mbili, lakini usiwape moto wote pamoja. Kisu inatoa vumbi. Sindano inakula vumbi. Umeelewa?"

Nilielewa. Naandika hivyo kwa makusudi, kwa sababu baadaye nilijaribu kujiaminisha kwamba nilikuwa mtoto na sikuelewa. Nilielewa vizuri sana. Kilichonikera kilikuwa kungoja. Ukishusha mpini, sindano ilichukua muda wa kunywa kikombe kizima cha chai kabla haijawa nyekundu, na ukiupandisha ilibidi ungoje tena ipoe ndipo uwashe kisu. Kwa ngao moja, haikuwa neno. Kwa ngao thelathini, ilikuwa siku nzima ya kukaa mikono mapajani. Na mimi nilikuwa nimeanza kujiona fundi. Kufikia Septemba niliiendesha mashine ile kumpita hata Gaspard, na Mzee Rajabu alisema hivyo mbele ya wateja, nami nikajifanya sijasikia ili arudie.

Oktoba vita vikaanza kaskazini, na mji ukabadilika katika wiki moja. Kulikuwa na amri ya kutotoka nje, kwa hiyo saa za kazi zilipungua. Bariyeri ziliwekwa kwenye barabara, na kwenye bariyeri watu walionyesha vitambulisho. Kitambulisho kilikuwa na mstari wa kabila. Mstari wangu haukunitisha. Wa Gaspard ulisema Mtutsi, na tangu wiki ile njia yake ya kuja kazini, ambayo ilikuwa nusu saa kwa miguu, ikawa saa mbili, mara nyingine nusu siku. Alikuwa anafika amekunja uso, anafungua kisanduku chake cha vifaa, anaanza kazi bila kusimulia. Kwa jirani yetu fundi cherehani, nyuma ya ukuta wa mbao, redio ilikuwa haizimwi, na kupitia nyufa tulisikia wateja wake wakizungumza kuhusu wasaidizi wa adui, ibyitso, kwamba wamejaa mjini, kwamba fulani amechukuliwa na fulani amechukuliwa. Gaspard alikuwa anasikia kama mimi. Siku moja tu alisema kitu. Aliacha bisibisi, akasema kwa sauti ya chini kwamba mkewe ana mimba na amempeleka na watoto kwa wazazi wake Butare, kisha akaendelea kukaza skrubu.

Kazi ya ngao thelathini ilitoka ofisi moja ya serikali upande wa Kimihurura. Zilitakiwa haraka. Mzee Rajabu alikuwa amekubali tarehe kabla vita havijaanza, na mteja wa aina ile, majira yale, huendi kumwambia kwamba amri ya kutotoka nje imekula saa zako. Nikapiga hesabu ya siku, nikaona hatutafika. Asubuhi moja Gaspard akiwa bado amekwama bariyeri na Mzee amekwenda kutafuta vanishi, nilifungua mfuniko wa swichi. Nilikuwa nimemwangalia mara nyingi akiitengeneza. Nilichukua kipande cha waya wa shaba, urefu wa kidole, nikaunganisha upande wa umeme na upande wa sindano, nikaurudisha mfuniko. Sasa sindano ilikuwa ya moto muda wote, mpini uwe juu au chini. Nilichonga, nikaunguza, nikachonga, bila kungoja. Hadi saa sita nilikuwa nimemaliza ngao nne, na nilikuwa nikiimba.

Kutoka kwa fundi cherehani nikasikia sauti ya redio ikipandishwa na watu wakinyamaza, kama walivyonyamaza kila kulipokuwa na habari za vita. Nilizima kisu, nikatoka kwenda kusikiliza. Sindano sikuizima, kwa waya wangu haikuwa na pa kuzimiwa, ila kwa kung'oa plagi. Chini ya meza kulikuwa na gunia la vumbi la mbao la asubuhi nzima. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa fundi cherehani, mkono kiunoni, nilipoona moshi unatoka kwenye dirisha letu.

Hakuna aliyeumia. Majirani waliunda mstari hadi kwenye mfereji, ndoo zikapita mkono kwa mkono, moto ukazimwa kabla haujashika paa. Lakini ngao zote, zilizokwisha na zisizokwisha, zilikuwa zimeegemezwa ukuta ule ule, na zote ziliungua. Mzee Rajabu alirudi na kopo lake la vanishi akakaa juu ya jiwe nje. Gaspard alifika baada yake, anatokwa jasho. Aliingia ndani peke yake, nami nikamfuata hadi kizingitini. Alizima umeme, akapiga magoti mbele ya swichi, akafungua mfuniko uliokuwa umekunjamana kwa joto. Aliuona waya. Aliung'oa kwa koleo, akaugeuza kwenye kiganja, akainua macho akanitazama. Halafu akautia mfukoni mwa suruali.

"Nenda unawe mikono," aliniambia. "Iko na masizi."

Nilikwenda nikanawa. Nilikuwa bado nafuta mikono kwa mtandio gari liliposimama. Alishuka mtu wa ile ofisi, amevaa suti, na nyuma yake askari wawili. Sijui nani aliwaita. Pengine hakuna, pengine walikuwa wanakuja kukagua kazi. Mtu wa suti alizunguka ngao zilizoungua, akagusa moja kwa ncha ya kiatu, akauliza nani alikuwa ndani. Mzee Rajabu alisema ni bahati mbaya, mambo ya vumbi na umeme. Mtu yule akasema vita vikiwa vinaendelea hakuna bahati mbaya kwenye mali ya serikali. Kisha akanigeukia mimi, kwa upole kabisa, akaniuliza nani alikuwa amegusa umeme.

Nimejibu maswali mengi maishani. Nimejibu mbele ya kadhi, mbele ya madaktari. Jibu lile ndilo ninaloweza kulirudia neno kwa neno.

"Mimi ni mchora herufi tu," nilisema. "Umeme ni wa Gaspard."

Hakuna neno la uongo ndani yake, na kwa miaka niliushika ukweli huo kama mtu anayeshika kamba iliyooza. Walimwomba Gaspard kitambulisho. Walikisoma, wakatazamana, wakamwambia atoe vitu vilivyo mfukoni. Akatoa leso, akatoa ufunguo, akatoa waya. Askari aliuinua juu ukiwa bado mweusi kwa moto, akauliza ni nini. Gaspard alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Angeweza kunitazama tu, kutazama kungetosha. Aliangalia mbele.

"Ni waya," alisema. "Iko yangu."

Walimpandisha nyuma ya gari. Mzee Rajabu aliwafuata hadi barabarani akisema kwamba mtu huyu amefanya kazi kwake miaka minane, ni fundi mwaminifu, ana mke mjamzito. Askari akamwambia, bila hasira, kwamba kama anataka kumsindikiza nafasi ipo. Mzee akasimama. Gari likapanda kilima. Mimi nilikuwa bado nimeshika mtandio wangu kwa mikono miwili, mikono misafi.

Kilichofuata ni sehemu inayoniaibisha kuliko siku yenyewe, kwa kuwa siku yenyewe ilikuwa ya dakika chache, na hofu inaweza kumshinda mtu yeyote. Kilichofuata kilikuwa miezi. Mzee Rajabu aliitengeneza mashine, akairudisha kwenye kisu peke yake, akanikabidhi kiti cha Gaspard. Nilikikalia. Niliongezewa mshahara, nikanunua viatu vya kahawia vyenye kisigino, nikavipenda. Siku moja tukiwa tunakula, wawili tu sasa kwenye sahani ile, Mzee aliniuliza kama ninajua waya ule ulitoka wapi. Aliuliza huku anaangalia chakula, na nadhani alikuwa ananifungulia mlango. Nikasema, "Sijui, Baba." Akanawa, akaenda kuswali. Tangu siku hiyo alianza kula nyumbani kwake.

Gaspard aliachiwa Aprili, pamoja na wengine wengi, bila kuambiwa kosa wala kuombwa radhi. Alikuja kuchukua vifaa vyake. Nilimsikia kabla sijamwona, kwa kikohozi. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, meno mawili ya mbele hayakuwepo. Mzee Rajabu alimkumbatia, wakakaa muda mrefu wameshikana mikono, kisha Mzee akatoka nje kwa makusudi akatuacha. Gaspard alikuwa anafunga koleo na bisibisi zake kwenye kitambaa. Nikamwambia, "Kaka Gaspard, ule waya…" na sentensi ikanifia hapo.

Hakuacha kufunga.

"Nilingoja wewe siku ya kwanza," alisema. "Siku ya pili nilingoja tena. Nilisema, Saada atakuja aseme. Baadaye niliacha kungoja, ndiyo nikapata usingizi."

Akaweka furushi begani, akaniaga kwa adabu, akatoka. Mwezi uliofuata nikasikia amevuka kwenda Burundi na mkewe na watoto, na baadaye Tanzania.

Ya mwaka wa tisini na nne siyaandiki hapa. Nitasema moja tu: Gaspard alikuwa na kaka wawili waliobaki Kigali, na hakuna aliyepona kati yao, wala wake zao, wala watoto. Yeye, aliyekuwa amefukuzwa nchini na gereza, alirudi mwaka uliofuata akiwa hai, na mkewe na watoto wake wanne. Mzee Rajabu alikuwa bado mzima wakati huo, na siku moja alisema kwamba Mungu ana njia zake. Gaspard asingefungwa angebaki, na angebaki angekufa. Alilisema kwa kumshukuru Mungu. Mimi nililichukua nikalifanya blanketi. Kwa miaka mingi nililala chini yake. Nilifika hatua ya kufikiri kwamba mkono wangu ndio uliowaokoa watu wale, na siku moja nilimwambia hivyo mume wangu, kwa sauti, mezani. Alinitazama kwa namna ambayo sikulirudia tena neno lile. Huwezi kumsukuma mtu shimoni kisha ukadai shukrani kwa sababu nyumba aliyokuwa akiishi iliungua.

Nilikutana na Gaspard mara nyingi mjini baada ya hapo, sokoni, kwenye harusi. Alinisalimu vizuri, akaniuliza watoto hawajambo. Nyumbani kwake sikwenda hata mara moja. Nilijiambia kwamba nikienda nitamfungulia kidonda. Kidonda nilichokuwa nakihurumia kilikuwa changu.

Mama Aline alikuwa ameketi kwenye chumba cha nyuma ya karakana, kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, miguu juu ya kigoda kwa sababu ya uvimbe. Aline alileta chai ya maziwa na mandazi, akakaa kando ya mama yake. Nikawasimulia yote kama nilivyoyaandika hapa, waya, redio, jibu langu, viatu vya kahawia. Sikulia, niliona sina haki ya kulia mbele yao. Nilipomaliza, Aline alisimama akatoka nje, na hakurudi. Mama yake alibaki anazungusha kijiko kwenye kikombe.

Alisema habari ya waya aliijua. Gaspard alimwambia tangu Burundi. Halafu akasema kwamba kuna jambo moja alilotaka kuniuliza miaka yote, na mumewe alikuwa anamkataza, akisema si vizuri kumtajia mtu wema wake akaona haya. Miezi ile yeye alikuwa Butare na mimba, hakuweza kufika gerezani. Lakini kulikuwa na msichana wa Kiislamu, amejitanda mtandio, aliyekuja langoni kila Ijumaa na viazi na samaki. Alimtajia askari jina la Gaspard, akaacha sufuria, akaondoka bila kutaja lake. Walinzi walikula nusu. Nusu iliyobaki ndiyo iliyomtoa hai, alisema Gaspard.

"Sisi tulijua ni wewe," Mama Aline alisema. "Ndiyo sababu hakukuchukia. Alisema Saada aliogopa kusema, lakini alikuja na sufuria. Ilikuwa wewe?"

Ilikuwa rahisi. Mzee Rajabu amekufa, Bi Zulfa amekufa, Gaspard yuko kaburini wiki ya tatu. Hapakuwa na mtu wa kunikanusha chini ya jua, na mwanamke huyu mgonjwa alikuwa ameshanyoosha mkono wake uje kushika wangu. Nilikaa nikiutazama mkono ule.

"Hapana, Mama Aline," nikasema. "Sikwenda hata siku moja."

Aliurudisha mkono wake polepole, akauweka juu ya goti. Akaangalia mlango aliotokea binti yake.

"Basi," akasema, "kuna mtu hatujamshukuru."